Burse ya Kubuya na Kabari Isiyopigwa Tupa

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimepasua mbao miaka ishirini na mitatu, katika msitu wa Walikale na kwenye milima ya Masisi, na yote ambayo mti unaweza kuficha nimeyaona. Nimepasua libuyu nikakuta ndani jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi. Mti ulilimeza, hakuna anayejua lini. Nimepasua mvule ukatoa maji meupe mengi mpaka wenzangu wakaweka msumeno chini wakaanza kusali. Asubuhi moja nyuma ya Itebero nilifika kwenye shimo langu nikamkuta nyati amesimama ndani, anatazama juu. Watu wangu wote walipanda miti. Mimi nilikaa juu ya gogo, nikawasha tumbaku, nikamwambia, "Kama umekuja kutafuta kazi, malipo ni mwisho wa mwezi."

Ninyi vijana mnaoshika msumeno leo, na ninyi mnaoshika kalamu, nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Shule yangu ilikuwa miezi saba kwa katekista, na katekista aliniondoa kwa sababu nilimwambia ubao wake wa kuandikia umepinda, na ulikuwa umepinda kweli. Sikurudi. Lakini nendeni Mubi, ulizeni nani alipasua milango ya maduka. Nendeni Hombo, ulizeni kuhusu vitanda vya wafanyabiashara. Biro ya teritware, ofisi ya serikali pale Walikale, ile dari ya mbao inayong'aa kama imepakwa mafuta, ni mimi. Ikumbukeni dari hiyo, tutarudi chini yake.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kidogo. Gogo linalazwa juu ya shimo refu lenye kina cha mtu aliyeinua mkono. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anashuka shimoni. Msumeno mrefu wenye mishiko miwili unapanda na kushuka kati yao. Mstari tunaupiga kwanza kwa kamba iliyolowekwa katika maji ya makaa: unaikaza, unaivuta katikati, unaiachia, na mstari mweusi umelala toka kichwa cha gogo mpaka mkiani. Wa juu ndiye anayeuona. Wa chini haoni kitu ila unga wa mbao unaomwagika usoni kwake. Anavuta tu, anamwamini wa juu. Njo maana usimtukane mtu wa chini asubuhi kisha ukategemea mbao nyoofu mchana.

Hayo nilifundishwa na Papa Ndoole, Muhunde wa Masisi, aliyeshuka kwetu msituni akiwa na msumeno begani na mfuko wa maharagwe mkononi. Alikuwa na vidole vinane. Alisema vinamtosha kuhesabia watu wenye akili aliowahi kuwafundisha, na bado vinabaki. Mimi aliniweka kwenye kidole cha kwanza, sisemi kwa majivuno, uliza yeyote.

Jambo moja la Ndoole nililichukia. Kuna kabari za chuma tunazozigonga nyuma ya msumeno ili mti usiubane. Kabari ukiigonga siku nyingi, kichwa chake kinachanua kandokando kama uyoga, na zile kingo zinakuwa na nyufa. Siku moja kipande kinakatika na kuruka. Nimeona kipande kama hicho kimezama ndani ya mti wa jirani, hukitoi hata kwa kisu. Kwa hiyo kila siku ya kwanza ya juma, kabla mtu hajagusa msumeno, Ndoole alitukalisha chini sisi wote na tupa, tukanyoa vichwa vya kabari mpaka vikawa mviringo safi. Asubuhi nzima inapotea hivyo.

"Chuma inaota nywele," alikuwa anasema. "Tunyoe."

"Papa Ndoole, jua linaenda. Leo tungekuwa tumeshatoa mbao sita."

"Na hizi vidole zangu mbili, unazani nilizikula na maharagwe?"

Basi nikanyoa. Miaka yote nikanyoa, hata baada ya yeye kurudi Masisi na kuzikwa huko. Watu wangu wakinung'unika, nilisema maneno yake kama yangu.

Msidhani sikukosea. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa mbao za viti vya misioni. Padri alisema unene uwe santimetre tatu. Santimetre sikuijua, nikaona haya kuuliza. Nikafikiri kitu ambacho Mzungu anapimia lazima kiwe kidole gumba, nikapasua vidole gumba vitatu. Gumba langu ni hili, mliolishika mnalijua. Mbao zilitoka nene kama mlango wa gereza. Padri alikataa kulipa, halafu akazitumia, kwa sababu nani angezibeba kuzirudisha? Viti vile vilihitaji watu wanne kuvisogeza. Nasikia bado viko, na padri mwenyewe alishakwenda kwao. Tangu siku hiyo sikutembea bila metre mfukoni.

Sasa nije kwa kaka yangu, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kitu.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Kirere. Tulipasua pamoja, mimi juu, yeye chini. Watu walishangaa mkubwa kukaa shimoni na mdogo kusimama juu ya kichwa chake. Yeye alisema, "Mudogo wangu anasema sana. Muntu wa kusema sana ukimuweka chini, atakula unga mpaka atashiba." Alikuwa mtu mpole. Mke wake alikufa akijifungua mtoto wao wa kwanza, Kubuya. Halafu, wakati wa ile vita ya Wazungu, wanaume walitumwa porini kugema utomvu wa mpira. Kirere alikwenda na kikapu, alirudi amebebwa, na homa haikumwacha. Kubuya alikuwa na miaka minne.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, wazee wa ukoo walimchukua mtoto, wakamweka mapajani mwangu mbele ya watu wote. Mkubwa wao akauliza, "Huyu mutoto, baba yake iko wapi?"

Nikajibu, "Njo mimi."

Aliuliza mara tatu. Nilijibu mara tatu. Ikaisha hapo. Kwetu ndugu ya baba yako ni baba yako, hakuna neno lingine la kuongeza mbele wala nyuma. Na kwetu mwanaume anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kaka yangu alikuwa Shekubuya, baba ya Kubuya. Toka siku hiyo Shekubuya ni mimi. Baadaye nilizaa mabinti watatu, lakini jina halikubadilika. Lilichorwa kwa chuma cha moto kwenye mishiko ya misumeno yangu. Jina langu la utoto lilisahauliwa hata na mke wangu.

Na kuna neno ambalo mtoto kama huyo haitwi. Yatima. Kusema Kubuya ni yatima ni kusema ukoo wake umekwisha, na wa kwanza kufa ni mimi. Nimeona watu wakishikana mapanga kwa neno hilo. Shikeni hilo, mtalihitaji.

Kubuya alisoma. Sijui alitoa wapi kichwa hicho, labda kwangu. Akiwa na miaka kumi alichukua metre yangu akapita juu ya mbao zilizopangwa.

"Papa, huu ubao iko na santimetre tatu huku, na mbili na nusu kule."

"Mwenye kuununua nyumba yake iko kwenye mteremko."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini aliuandika ubao huo kwenye karatasi, na kesho yake niliupasua upya. Alipokwenda kusoma mbali, shule ya kulala huko huko, kila likizo alirudi kwa miguu kutoka barabara kubwa, siku mbili, na kitu cha kwanza alichouliza si chakula. Aliuliza, "Metre iko wapi?"

Miaka ya hamsini ilipokaribia mwisho alimaliza, na barua ikaja. Chuo kikuu cha Ulaya kilikuwa kimempokea kusomea udaktari. Mjue wakati huo hapakuwa na daktari hata mmoja mweusi toka upande wetu. Pale Mubi watu walikuja kumtazama kama anayekwenda mbinguni bila kufa. Na serikali ilisema itatoa burse: ada ya masomo, kitanda, vitabu, na safari yenyewe ya kuvuka bahari. Ilitaka vitu viwili tu. Karatasi ya daktari kwamba mwili wake ni mzima. Na karatasi ya teritware kwamba hana mzazi wa kumlipia.

Tulikwenda biro, mimi na yeye. Nilivaa koti. Karani alikuwa Papa Anselme, mtu mwembamba mwenye adabu, ambaye meza yake pia ilitoka kwenye shimo langu. Nyuma yetu kulikuwa na mstari wa watu waliokuja kulipa kodi.

"Jina ya baba?" Anselme aliuliza.

"Shekubuya."

"Hapana, Papa. Baba mwenye alimuzaa."

"Uko unamuona. Iko mbele yako."

Anselme alimtazama Kubuya, kisha akanitazama mimi, akashusha sauti. "Mutoto alishanielezea. Baba alikufa wakati ya mpira, mama alikufa kwa uzazi. Basi kwa serikali huyu ni yatima, na weye ni mulezi. Unatia sahihi hapa, unalipa timbre ya kubandika, burse inatoka. Dakika mbili."

Mama mmoja kwenye mstari, ameshika kuku, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Eee, musikie. Banasema Shekubuya alikufa, na iko amesimama na koti."

Mstari mzima ulicheka. Kicheko kile kiliniingia mahali.

"Andika," nilimwambia karani. "Andika baba iko muzima. Andika iko na misumeno ine. Andika iko na baiskeli, na nyumba ya mabati pale Mubi. Tazama juu. Hiyo dari unakaa chini yake kila siku, nani aliipasua?"

"Ni weye, Papa. Lakini serikali hailipii mutoto wa muntu mwenye mabati."

"Ikitaka kunisaidia, inisaidie mimi baba yake. Haiwezi kuniua kwanza njo inisaidie."

Aliweka kalamu chini. "Ni karatasi tu. Kule kijijini hakuna muntu ataisoma."

"Mimi nitajua imeandikwa nini."

Akaandika nilivyosema. Neno kwa neno, akanisomea, nikatia sahihi: Shekubuya. Herufi kubwa. Wale wa mstari hawakucheka tena, na mimi nilitoka nje kifua mbele. Nilifikiri nimefanya jambo kubwa.

Njiani Kubuya alitembea nyuma yangu muda mrefu. Halafu akasema, "Papa, ungesema tu."

"Niseme nimekufa?"

"Ungesema Papa Kirere alikufa. Ile ni kweli."

Nilienda mbele yake mpaka nyumbani bila kugeuka. Hakulirudia neno hilo tena hata siku moja, na ningependa angelirudia, ningependa angegombana na mimi kama vijana wengine.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Kubuya alinisomea akiwa amesimama mlangoni. Nafasi yake chuoni ipo, lakini serikali imeona kwamba baba yupo na ana uwezo; burse imekataliwa. Anaweza kwenda kwa gharama ya baba. Na kama hali ya baba ikibadilika, faili itatazamwa upya kabla masomo ya mwaka unaofuata hayajafunguliwa. Mahali hapo alisoma polepole, mara mbili. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.

"Tutalipa," nikasema. "Shekubuya atalipa."

Mke wangu alikuwa anapembua maharagwe. Alisema bila kuinua kichwa, "Shekubuya gani? Ule mwenye anapasua mbao, ao kuna mwingine mwenye anachapa noti?"

Ada ya mwaka mmoja na safari zilizidi mbao zote nilizouza miaka minne. Nilijua. Lakini mtu aliyeanza na msumeno wa kuazima akafika kwenye misumeno minne, nani angemwambia kuna kitu kisichowezekana? Nilichukua kazi ambayo wengine waliikataa: mbao za madaraja kwa mfanyabiashara mmoja wa Hombo, zipasuliwe ndani kabisa, ng'ambo ya Itebero, na zitoke kabla mvua kubwa hazijafunga njia. Alilipa vizuri kwa sababu alijua haziwezi kutoka.

Juma la pili watu wangu wawili walitoroka. Shimo la kwanza likabaki bila mtu wa chini. Kubuya alikuwa amekuja kupima na kuandika tu. Nilimwambia abaki juu na metre yake.

"Papa Kirere alikuwa chini," akasema. Akavua shati, akajifunga kitambaa kichwani, akashuka.

Nataka kuwaambia ninyi mnaosema msomi hawezi kazi ya mikono. Baada ya siku nne alivuta kama mtu wa miaka kumi. Alikuwa na kitabu kidogo cha mifupa ya mwili wa mtu, kwa Kifaransa, na kila mvuto aliutaja mfupa mmoja, kuanzia kwenye taya kwenda chini, ili asipoteze mwendo. Mimi juu nikaanza kumfuata. Femuru. Tibia. Nilijua mifupa thelathini kabla ya mwisho wa mwezi. Nilisema ndani yangu, huyu akirudi toka Ulaya nitamsaidia kazi. Zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote za kazi yangu, na ndizo siwezi kuzikumbuka nikakaa kimya.

Ikafika siku ya kwanza ya juma moja. Mawingu yalikuwa yamekaa chini toka asubuhi. Kubuya alikuwa ameshakaa chini, tupa mkononi, kabari tatu mbele yake, kama nilivyomzoesha toka utotoni. Kabari moja ilikuwa imechanua vibaya.

"Acha," nilimwambia. "Tutapiga kesho. Mvua inakuja."

Alinitazama. "Papa, ni siku ya kunyoa."

"Kesho, nimesema. Leo tupasue."

Akaweka tupa ndani ya mfuko, akashuka shimoni.

Jua lilipofika utosini mti ulibana msumeno. Lilikuwa libuyu lenye maji mengi, zito. Niliita, akapanda kutoka shimoni kunishikia kabari iliyochanua, kwa sababu gogo lilikuwa na mteremko na kabari ilikuwa inateleza. Nilishika nyundo mwenyewe. Nilipiga mara moja. Nilipiga mara ya pili, ikaingia kidogo. Nilipiga mara ya tatu.

Sikusikia kitu chochote. Yeye mwenyewe hakulia. Alisema, "Papa, ngoja," kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Halafu akaweka mkono kwenye jicho la kushoto.

Tulimbeba kwa machela siku mbili mpaka barabara. Nilikuwa mbele, sikumpa mtu nafasi yangu. Hombo tulipata lori la kwenda Bukavu. Daktari wa Bukavu alikitoa kile kipande cha chuma, akanionyesha juu ya pamba. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Jicho alilitoa pia.

Nilipoingia kumwona, Kubuya alikuwa amefungwa kitambaa cheupe nusu ya uso. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima ya lori. Yalinipotea. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mgeni.

"Papa," alisema, "mufupa wenye kuzunguka jicho, nilikusomea jina yake?"

"Hatukufika hapo. Ulianza na taya."

"Unaitwa orbite. Dokta anasema haukuvunjika."

Nikarudia jina hilo, naye akanisahihisha matamshi.

Sasa mnajua kwa nini niliacha kazi nikiwa bado na nguvu. Watu wanasema mgongo, wengine wanasema nilishiba mali. Ni ile nyundo. Niliporudi msituni niliishika, mkono ukakataa. Misumeno niliiuza yote minne, pamoja na jina langu kwenye mishiko. Zile mbao za Hombo hazikutoka. Naamini zimeshaota uyoga. Ile kabari niliipiga tupa siku nzima, peke yangu, mpaka kichwa kikawa mviringo safi kama cha Ndoole, na iko hapa juu ya meza ninapoandika. Mnaopasua leo, siwaombi mengi. Mvua ikija, iacheni ije. Kaeni chini, pigeni tupa.

Kubuya anafundisha watoto wadogo pale Itebero. Anageuza kichwa kidogo upande mmoja akisoma, na watoto wake wote wameiga, ukipita dirishani unaona darasa zima limeinamisha shingo. Anawafundisha mifupa. Akija nyumbani ananiita Papa, kama zamani, na hajawahi kunitajia Ulaya. Kile chuo kilimpa nafasi yake mtu mwingine, na ni haki yao.

Lakini kabla ya hapo, wiki moja baada ya kutoka Bukavu, mwaka ule wa masomo ukiwa bado haujafunguliwa, nilikwenda Walikale peke yangu. Sikuvaa koti. Mstari wa watu wa kodi ulikuwepo, wakanipisha mbele bila kuwaomba, kwa sababu habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Papa Anselme alisimama akanipa kiti. Sikukaa.

"Nimekuja kusema ile neno," nikamwambia.

"Neno gani, Papa?"

"Yatima."

Alinisogelea. Halafu akasema, taratibu sana, "Papa Shekubuya, nakuambia kweli juu ya heshima. Burse inaomba na karatasi ya dokta. Kwa udaktari banataka macho mbili. Hii karatasi sasa haitamusaidia kitu."

"Najua."

"Basi juu ya nini upoteze feza yako?"

"Andika tu."

Alichukua karatasi ile ile, ya aina ile ile. Akachovya kalamu.

"Baba?"

"Kirere. Amekufa."

"Mama?"

"Amekufa."

"Mutoto?"

"Kubuya. Yatima."

Nililisema kwa sauti, mstari mzima ukasikia. Hakuna aliyecheka. Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, labda nianguke pale pale.

"Jina ya mulezi?"

Hapo nilitafuta kwanza, kwa sababu jina langu la utoto nilikuwa sijalitumia miaka kumi na tano.

"Musafiri."

Anselme aliinua macho. "Musafiri njo nani?"

"Njo mimi."

Akaliandika. Akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi kwa herufi ndogo, na nikatazama juu. Mbao zangu zilikuwa zimenyooka, hata moja haikuachana na nyingine. Hakuna kilichoanguka. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama kawaida. Niliwaambia hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Basi hicho kilinishangaza, kwamba neno lile lilikuwa linasemeka, na aliyelisema anabaki amesimama. Karatasi ya Kubuya ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne chini ya kabari. Papa Anselme alilamba timbre, akaibandika pembeni, akaigonga muhuri, akanitajia bei yake bila kunitazama, bei ile ile ambayo ningelipa mara ya kwanza: faranga ishirini.